Mama Kisirani Anapolia

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa Kaloleni bado haujafagiwa. Carolyne Aloo amesimama jukwaani, akifanya mazoezi ya kupokea habari ya kifo. Anageuka, anasikiliza, anakaa chini taratibu. Hajaridhika. Anasimama, anarudia.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, wakazi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wamemjua mwigizaji huyu kama Mama Kisirani, mama mkwe mgomvi aliyemtunga mwenyewe. Akitokea tu na leso kiunoni, watu huangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Siku zisizo na maonyesho yeye hushona mikanda ya ngozi katika soko la Kariokor, na hata huko wateja humwomba awagombeze kidogo.

"Nilikuwa najivunia," anasema. "Kumchekesha mtu aliyelala njaa si kazi ndogo."

Mwaka juzi, ukuta wa jengo lililokuwa likijengwa Kariobangi uliporomoka na kumfunika Obonyo, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kibarua hapo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Katika mkutano wa kuchangia mazishi, Aloo alisimama kuwashukuru waliofika. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajiziba mdomo. Aloo alimsikia. Anasema hamlaumu.

Baadaye aliandika mchezo kuhusu kifo hicho, akajipa nafasi ya mama. Uliigizwa Machi mwaka huu, katika ukumbi huu huu. Habari ilipofika, mama akajitupa sakafuni akipiga mayowe.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kadiri alivyolia ndivyo walivyopiga makofi. Ndambuki, mwigizaji mwenzake aliyeigiza msimamizi wa mjengo, alibaki ameshika buti za marehemu. Mwishowe alimwinua, akamtoa jukwaani. Mchezo ukaishia hapo.

"Kile kilikuwa kilio changu mwenyewe," Aloo anasema. "Halafu watu wakaja kunipongeza, eti leo nimewavunja mbavu."

Kwa miezi minne hakukanyaga jukwaa. Ndambuki alimshauri ampe nafasi hiyo Nzisa, mwigizaji ambaye sura yake haijazoeleka. Nzisa alijifunza maneno yote, na alilia vizuri. Lakini Aloo alishindwa kutazama mazoezi hadi mwisho.

"Dada wa watu hana kosa," anasema. "Ila alikuwa analilia mtoto wa kwenye karatasi."

Akaichukua tena nafasi yake. Mayowe ameyafuta. Sasa mama anakaa chini na kumuuliza msimamizi swali moja tu: "Alikuwa amekula?" Ndilo swali ambalo Aloo aliuliza siku ile, kabla machozi hayajamjia.

Mchezo unarudi jukwaani Desemba. Ndambuki hajaficha hofu yake. Amemwambia kwamba watu ni wale wale, na watacheka tena.

Aloo amelifikiria hilo.

"Wakicheka, nitanyamaza," anasema. "Wakimaliza, nitauliza tena."