Kisima Kilichotia Sanda Rangi

Mwanangu, iko siku ambayo nikiikumbuka, hata leo na mvi zangu hizi, huona haya. Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, naishi na mama hapahapa mtaa wa Rasbura. Mke wa imamu wetu alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyemtekea Bibi Somoe maji ya kisima cha mtaa alipokuwa akimwosha.

Bibi Somoe alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu, mwanamke mkavu, mpole wa maneno, na nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Alimwosha marehemu kwa taratibu zote, tukamlaza juu ya sanda nyeupe pe, tukamfunika. Ndipo tukaona doa. Lilianzia penye nywele zilizolowa, dogo kama punje ya mtama, la zambarau. Likatambaa juu ya sanda. Likashuka penye paji la uso, likafika penye shavu, nasi tunalitazama.

Mwanamke mmoja akanong'ona, "Tazameni mikono ya Bibi."

Tukatazama. Kucha za Bibi Somoe zilikuwa za zambarau.

Mimi, mwanangu, rangi ile niliijua. Niliichanganya mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, na wachuuzi walituletea kutoka Dar makopo ya rangi za unga, kali, za kung'aa, ambazo mama zetu hawakupata kuziona. Nikajifunza batiki. Kila nilipomaliza kazi, masalia ya rangi pamoja na soda ya kukazia rangi niliyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Ardhi iliyanywa mara moja, nikadhani yamekwisha. Sikujua kuwa mawe ya pwani yetu yana matundu kama mkate wa kumimina, na kwamba kinachozama huku huibukia kule.

Dalili zilikuwepo. Vyura wa kisimani walikuwa wamenyamaza tangu masika. Mbuzi walikuja, wakanusa ndoo, wakarudi kinyumenyume. Maji yakiwa kwenye kata yalionekana safi, lakini ukiinama kisimani jua likiwa utosini, uliona chini kabisa kiwingu cha zambarau kikijizungusha polepole, ingawa hakuna aliyekuwa akiyakoroga maji. Watu walisema ni jini. Nami niliitikia, ni jini.

Baada ya mazishi maneno yakaenea; ulimi hauna mfupa. Eti Bibi Somoe hunyonya damu ya maiti, na ile rangi ndiyo masazo. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni pake. Wakubwa wakaanza kuzungumzia kumwita mganga aje kumnyoa nywele mbele ya watu, kama wafanyiwavyo wanaodhaniwa wachawi. Nilimsikia mama akiyasema hayo jikoni. Nikaendelea kupepeta mchele.

Alasiri moja Bibi Somoe akaja uani kwetu.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

Alisimama mbele ya pipa langu la rangi, akachovya kidole, akakitazama.

"Niliijua tangu siku ile," akasema. "Sitamwambia mtu."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu neno hilo lina mwenyewe."

Akaondoka. Nimepata kugombezwa maishani, nimepata hata kupigwa, lakini hakuna kilichonichoma kama maneno yale. Na bado nilinyamaza siku tano.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Zuhura, mjukuu wa Bibi Somoe, aliyekuwa akisoma kemia chuo kikuu, alikuwa amerudi likizo. Aliposikia bibi yake anavyosemwa, aliwaita watu kisimani baada ya sala. Mkononi alikuwa na kichupa cha unga mweupe aliopewa na mwalimu wake wa chuo kwa ajili ya majaribio.

"Hii si damu, wala si jini," akasema. "Ni rangi ya nguo. Chembe za unga huu ni ndogo mno, jicho haliwezi kuiona hata moja peke yake. Zikipigwa na jua, huivunjavunja rangi mpaka ikapotea. Bila jua hazifanyi kazi hiyo. Subirini mjionee."

Akateka maji ya chini kabisa ya kisima, yale yenye kiwingu, akajaza vyombo viwili vya kioo. Akatia unga kila kimoja, maji yakawa kama tui. Kimoja akakiweka juani, cha pili akakifunika kwa sufuria. Akawa anavikoroga mara kwa mara. Watu wakakaa chini wakingoja. Alasiri akaviacha vitulie, unga ukazama, akafunua sufuria. Maji ya kivulini yalikuwa ya zambarau vilevile. Ya juani yalikuwa hayana rangi kabisa.

Nilidhani watashangilia. Badala yake mwanamume mmoja akasimama.

"Bibi anatia rangi, mjukuu anaitoa! Hawa ni wamoja!"

Watu wakasogea. Nikamwona mtu ameokota jiwe. Zuhura akarudi nyuma amekumbatia chombo chake. Bibi Somoe alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, hakutikisika. Hakuwatazama wao. Alikuwa akinitazama mimi.

"Rangi ni yangu!" nikapiga kelele. Sauti haikuwa kama yangu. "Naimwaga nyuma ya nyumba. Njooni mwone!"

Wakanifuata wote mpaka penye pipa. Imamu, mume wa marehemu, akachovya pindo la kanzu yake. Likatoka zambarau, kama lile doa la sandani. Kisha akageuka akaenda zake bila kunitupia jicho. Heri angenipiga.

Kisima kilifungwa. Zuhura hakunitupa, alirudi likizo nyingine na kunionyesha namna ya kujenga beseni pana la saruji lisilo na kina, ambamo maji ya rangi hulala juani pamoja na ule unga mpaka yapauke. Siku za mawingu tulingoja. Aliniusia pia: "Dada, rangi kupotea siyo maji kuwa safi. Usiyanywe, usiyamwagie mboga, mpaka yapimwe." Nami neno hilo nimelishika.

Bibi Somoe alihamia kijiji cha Miteja, kwa kaka yake. Nilimfuata kumwomba radhi, nikamkuta anamenya muhogo.

"Nimekusamehe," akaniambia, "ila Rasbura sirudi. Wale watu, kwa macho waliyonitazama, siwezi kuwaosha tena." Akafia hukohuko.

Basi mwanangu, shika haya kwangu. Kabla hujamwaga kitu, uliza kinakwenda kwa nani, maana hakuna kinachopotea kwa kuwa wewe hukioni. Elimu itafute, itakuonyesha dawa ya mengi. Lakini ilikuwepo pale kisimani na jiwe likaokotwa vilevile, kwa sababu mwenye kosa alikuwa amefunga mdomo. Kosa likiwa lako, liseme lingali changa. Mimi nilisema, na nilichelewa siku tano, na siku tano zilimtosha bibi wa watu kupoteza mji wake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mara nyingine, mwanangu, humuumbua asiye mgonjwa.

Mola akupe kazi ya halali isiyomdhuru jirani, akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" mapema, na watu wa kukusamehe ukiwa nao bado. Amina.