Neno Jekundu Mlangoni kwa Mwanamvua

Mwanamvua, fundi cherehani wa Zinga, alifika dukani kwake asubuhi akakuta mteremko wake wa saruji, wa kupandishia kiti chake cha magurudumu, umeandikwa kwa rangi nyekundu: OBSTRUCTION. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka minne. Kabla ya kujenga mteremko ule, kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiinuliwa kuingizwa kazini kama gunia la mchele, na wapo waliomwinua kwa mikono isiyo na adabu. Siku saruji ilipokauka, aliingia mwenyewe akajifungia mlango, akalia.

Sasa alimwita Mehzabin, mwenye duka la vitambaa la jirani. "Neno hili maana yake nini?"

Mehzabin aliinama akalisoma. "Kizuizi, dada. Kitu kilichokaa njiani watu wasipite. Mti ukianguka, gari bovu, kifusi, vyote watu wa barabara huviandika neno hilo. Wakishaandika, hurudi kubomoa."

"Watu gani hawapiti hapa?"



Mwanamvua alilinakili neno kwenye kiganja, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaita bajaji. Kiti chake cha magurudumu kikakunjwa nyuma, wakashika njia ya Bagamoyo mjini, kwenye ofisi ya barabara iliyowatuma walioandika.

Ofisi ilikuwa na ngazi tano. Mlinzi akaja mbio kumbeba.

"Usiniguse," alimwambia.

Akainama mpaka mbavu zikamuuma, akaliandika lile neno kwa chaki, herufi moja moja, kwenye ngazi ya chini. Watu wakajaa. Akatoka ofisa, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri.

"Shikamoo, mama. Mbona unatuchafulia ofisi?"

"Marahaba. Nisomee hapo, kisha uniambie maana yake."

Kijana akasoma kwa sauti ndogo. "Kizuizi."

"Nani hapiti hapa?"

"Mama, mteremko wako umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Sheria inasema..."

"Sheria sijaikataa. Nimekuuliza, nani hapiti hapa?"

Kijana aliyatazama magurudumu, akazitazama ngazi. "Wewe, mama."

"Na pale kwangu, nani hapiti?"

Kijana akaliinamia tena lile neno la chaki. Mlinzi naye akainamisha kichwa.

Wiki iliyofuata watu wa barabara walikuja dukani na futi kamba. Hawakubomoa wote, walikata nusu mita, mteremko ukawa mfupi na mkali, na Mwanamvua sasa hupanda kwa kujivuta kwenye bomba alilofungisha ukutani. Viganja vimeota sugu. Ofisini hawajazigusa ngazi zao. Akiwa na shida nao, hukaa juani na kumwita ofisa ashuke na faili lake, naye hushuka. Mehzabin humwambia asamehe, yameisha.

"Yameisha kwako," humjibu, na kuendelea kushona.