Beti za Kumsuta Jirani

Mwezi uliopita bendi yetu ilialikwa kupiga Lindi, nami nikashuka kwanza Mchinga kusalimia ndugu. Kazi yangu unaijua: naimba panki, huo muziki wa magitaa ya fujo na mashairi ya kufoka. Kila anayenihoji huuliza nilijifunzia Ulaya gani. Nilijifunzia Mchinga, uani kwa bibi.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Posa ya shangazi ilikuwa imeletwa, na bibi alitaka iwe siri mpaka mahari ipokewe. Mimi nikaimwaga kisimani mbele ya wasichana wenzangu, kwa kujishaua tu. Jirani yetu, muuza vitumbua, alikuwa pale anachota maji. Haikupita wiki, maneno yakamfikia mchumba yakiwa yametiwa chumvi, na posa ikavunjika. Shangazi alilia, chakula hakigusi. Bibi akakata shauri kwamba mwenye mdomo ni jirani.

Kwetu mtu wa namna hiyo husutwa. Wanawake hujifunga kanga sare, wakabeba debe la kupiga, wakaenda kumwimbia maovu yake mlangoni kwake. Bibi akaniambia, "Wewe una koo la chuma, utaanzisha." Beti nilizitunga mwenyewe, na zilikuwa kali. Niliogopa kusema ukweli, basi nikazidi kupaza sauti.

Jirani alitoka, mikono imejaa unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akinitazama mimi tu. Angesema neno moja, ningesutwa mimi. Hakulisema.

Kesho yake nilipita kwake nikienda shule.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sauti unayo, mwanangu." Akanipa kitumbua cha moto. "Siku nyingine uimbe lililo kweli."

Kitumbua kile nilikitupa njiani. Wateja walimsusa, na kabla ya Ramadhani akahamia kwao Njinjo, ambako alifariki. Naona aibu mpaka leo.

Safari hii nimekuta kisima kimefukiwa, na palipokuwa jiko lake pana kibanda cha kuchajia simu. Bibi naye hayupo. Amebaki shangazi, aliyezeeka bila kuolewa. Nilimchukua twende naye Lindi.

Jukwaani niliomba debe, nikaziimba beti zilezile. Shangazi alizitambua, akacheka, akapiga makofi kufuata debe. Nilipofika penye jina la jirani, nikaweka langu.

Shangazi aliacha kupiga makofi.