Sauti ya Baba Ilipopata Mwendo

Rafiki yangu, ile kadi uliyonitumia imenifikia juzi. Ilivuka mpaka kutoka Bujumbura ndani ya soksi ya mtoto, kwenye mzigo wa mama mmoja muuza vitenge, na bado ilikuwa inanukia sabuni. Ni kipande chembamba, ukubwa wa kiganja, cha kuchomeka ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, ya zamani ili iende mbio. Mume wangu ameniuliza kwa nini nahangaikia mashine inayowazidi watoto wetu umri, wakati simu yake inafanya yote. Wewe nitakueleza.

Nilikulia Uvira, upande wa chini ya barabara, karibu na ziwa kiasi kwamba harufu ya ndagala walioanikwa ilitufuata mpaka kitandani. Uwanja wa nyumba yetu leo umo majini. Ziwa lilipanda, likauchukua pamoja na jiko la mama. Asubuhi tulikwenda kuteka maji mto Kalimabenge, jioni tulitwanga sombe, majani ya muhogo, na vinu vya majirani vikaitikiana mpaka giza likaingia. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Alikuwa na sauti kubwa. Watu walitania kwamba akifundisha kugawanya, hata wavuvi waliokuwa majini walijifunza.

Kisha koo likaanza kumuuma. Hospitalini walimpasua, wakatoa sehemu yote ya sauti, wakamwachia tundu shingoni ambalo alilifunika kwa leso nyeupe. Alirudi nyumbani akipumua kwa tundu hilo, asiweze hata kunong'ona. Nilimwogopa. Nilikuwa nikijificha nyuma ya nyumba na kulia, kwa sababu nilimwogopa baba yangu mwenyewe.

Padri mmoja mzungu, aliyekuwa anarudi kwao kwa ajili ya uzee, akamwachia ordinateri yake. Macho ya padri yalikuwa yamefifia, hivyo mashine ile ilikuwa ikimsomea maandishi kwa sauti. Sasa baba akawa anaandika, nayo inasema. Ilisema Kiswahili cha mzungu aliyeshuka kwenye boti asubuhi ile ile, lakini ilisema. Shida ilikuwa uzito wake. Baba akimaliza kuandika, ilikoroma ndani kwa ndani, ikawaza, nasi tukangoja kimya mikono ikiwa magotini, maana kwetu baba akitaka kusema hakuna anayemtangulia. Sala ya chakula ilipotoka, bugali ulikuwa umeshapoa. Mama, ambaye daima alisimama nyuma ya kiti chake akisoma kwenye kioo cha mashine, alikuwa akituhurumia.

"Mungu ameshasoma," alisema. "Mukule."

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: baba aseme kama zamani, arudi darasani. Kwa mwendo ule wanafunzi wangelala kabla hajafika nukta. Mjomba, kaka yake mama, fundi wa redio kule Songo, akasema dawa iko. Kuna kadi ambayo ukiipachika ni kama umeipa mashine moyo wa pili. Mama hakufurahi. "Mwenda pole hajikwai," alisema, akaendelea kuchambua mboga ya lengalenga. Nilimwona mchoyo, nikamnunia.

Kadi ilipopatikana, mjomba aliifungua mashine juu ya kitenge cha mama, akapuliza vumbi, akatoa mende mkavu, akachomeka. Siku hiyo umeme ulikuwapo. Baba akaandika, na pale pale, hata hajakunja vidole, sauti ikauliza: "Nani alikula ndizi yangu?" Tulicheka sote. Baba naye alicheka kwa mabega, kwa kuwa ndiyo tu yaliyobaki ya kuchekea. Nikaona mambo yamerudi, nikamuuliza lile swali langu.

"Baba, weye utarudia kufundisha lini?"

Vidole vyake vilikimbia. Sauti ikatoka, changamfu kama ilivyokuwa kwenye ndizi: "Sitarudia, mwanangu. Ugonjwa umeshuka mu mapafu. Daktari alishatuambia."

Mkono wa mama ulikuwa umefika begani mwake, lakini ulikuwa umechelewa. Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile, baba alipoandika jambo ambalo walikuwa wamekubaliana tusilisikie, mama alimbonyeza bega kabla mashine haijasema, naye akafuta, na baada ya kungoja kwetu kote mashine ikasema, "Minye niko muzuri." Sisi tulidhani ni uzito wa mashine tu. Kumbe ndani ya kungoja kule wazazi wetu walikuwa wakitukinga, na kadi ya mjomba iliwanyang'anya nafasi hiyo.

"Si tulipatana?" mama aliuliza, polepole.

Baba aliandika, sauti ikajibu mara moja: "Nilichoka kufuta."

Hakurudi darasani. Ila alisema sana katika muda uliobaki. Alinifundisha kugawanya pale mezani, akanisimulia utoto wake Nyakabere, akanikemea kwa kupoteza ndoo. Nilipata nilichokitaka, na hakikunitosha. Mvua zilipoanza alifariki. Kwenye kilio jirani mmoja alimtazama mama, akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Mpaka leo sijamsamehe jirani yule. Mama hakuwa anaficha aibu; alikuwa anatutafutia usingizi wa siku chache zaidi.

Mama naye alishakwenda. Mjomba alihama na hatujui aliko. Kadi yake iliharibiwa na unyevu, mashine ikanyamaza miaka mingi juu ya kabati langu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuigusa.

Jana mchana, watoto wakiwa shuleni, niliichomeka hii mpya. Inakimbia kuliko ile ya mjomba. Nilifikiri niandike nini, nikakosa, nikaandika jina langu. Ikaniita papo hapo, kwa sauti ile ile. Nikaweka mikono magotini kungoja aendelee, mpaka nilipokumbuka kwamba anayepaswa kuandika ni mimi.