Kigelegele cha Kuangusha Dari

Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni mwenye cheti kilichopigwa mihuri mpaka mgongoni, niliwahi kuamini kwamba kanisa moja la zamani hapa Maskati lingeweza kuanguka kwa kigelegele. Si kwa tetemeko, wala kwa bonde la wadi kufurika. Kigelegele. Mke wa ami yangu ndiye aliyenipa habari hiyo, kwenye kahawa, nyumbani kwao mtaa wa Hail: dari ile ni ya udongo na chokaa, na zamani bibi harusi mmoja alipigiwa kigelegele humo, kipande kikashuka, mpiga kinanda akazikwa pamoja na kinanda chake.

"Wallahi hawakuweza kuwatenganisha," akasema, akanisogezea halua.

Niliamini mpaka punje ya mwisho. Darasani si tulishasoma sura nzima ya sauti na mitetemo?

Kanisa lenyewe ni dogo, limebanwa na mlima huko nyuma ya Wadi Kabir, na mara moja kwa mwezi hupigwa humo muziki wa asili wa kila kabila: Mzungu na zumari yake ya kiriba, Wahindi na ngoma zao, na wasikilizaji kimya kwenye mabenchi kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Safari hiyo alialikwa shangazi yangu, aimbe taarabu. Hakuwa ameimba mbele ya watu tangu alipofiwa na mumewe. Mke wa ami ni wifi yake, na miaka yote hiyo alikuwa akitangaza kwamba shangazi hakuacha kuimba, sauti ndiyo iliyomwacha.

"Wakinipokea, nnarudi," shangazi aliniambia tukiwa njiani. "Wasiponipokea, nnaufunga mdomo huu mpaka kaburini."

Na mwimbaji wa taarabu hapokewi kwa makofi ya mwisho. Hupokewa ubeti ungali mdomoni: wanawake huinuka, wakamwendea wakicheza, wakamtunza fedha, vigelegele vikagongana hewani. Asipojibiwa, ameambiwa akae.

Mimi nikasimama mlangoni kama askari wa mpakani. Kila mwanamke wa kwetu aliyeingia nilimnong'oneza: "Bibi, humu hakuna kigelegele. Dari!" Walikwishajua. Mke wa ami alishakwenda mapema kuwachagulia viti, kisha akawapigia simu mmoja mmoja.

Shangazi akaimba. Sauti ile ingekata chuma cha karakana zote za mtaa wa Ghala bila kutoa cheche. Akaufikia ubeti wa kijembe, akanyoosha mkono kuelekea safu yetu, akangoja. Safu nzima ikakaa na mabuibui mdomoni, macho darini. Akaurudia. Akaurudia tena, chini kidogo. Mke wa ami alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesoma tanzia. Ubeti uliofuata shangazi aliuacha katikati, mpiga fidla akabaki anakwaruza peke yake mpaka naye akaona haya. Wageni wakapiga makofi ya adabu.

Garini mke wa ami akasema, "Usihuzunike, wifi yangu. Sauti ni kama maziwa, na wewe hukuyatia kwenye barafu."

Wakacheka gari zima. Shangazi akanigeukia mimi.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Shangazi, tungekufa sote! Dari..."

"Dari!" akasema, akageuza uso dirishani. Hakuwahi kusikia kisingizio kibovu kama hicho. Tangu siku hiyo haimbi, hata jikoni.

Miezi ikapita, nikaona nimtengenezee mambo. Nikamwendea kanisani mwalimu wa muziki, Mkenya, mama anayepanga maonyesho yale, nikamwomba amwalike shangazi tena, ila safari hii mahali penye dari imara.

"Dari gani?" akaniuliza.

Nikamsimulia yote, mpaka mpiga kinanda.

"Hiyo ni zege, ndugu yangu. Kila Ijumaa Wahabeshi wanapiga vigelegele humu tangu asubuhi, na hakuna kitu kimewahi kuanguka. Hata yule mama yenu aliyekuja mapema kuchagua viti aliniuliza hivyo hivyo. Nilichukua ufagio nikaigonga mbele yake, akaridhika, akaenda zake."