Kondoo wa Nadhiri wa Bibi Rahma

Enzi zetu kule Wawi, mtoto hakuulizwa kama anapenda wanyama. Alizaliwa akawakuta bandani, na alipoweza kushika kamba alikabidhiwa mmoja. Mimi na dada yangu Mgeni tulikabidhiwa kondoo wa Bibi Rahma, mama yake baba. Hawakuwa kondoo wa sufu tunaowaona siku hizi kwenye televisheni, weupe kama pamba. Walikuwa wa kahawia, wenye mkia mnene wa mafuta, na manyoya yao yalikuwa mazito mapajani na chini ya mkia tu.

Kazi ile ilikuwa na taratibu zake. Mama hakuwatoa bandani mpaka umande ukauke, maana majani yenye umande ndiyo yanayowalisha minyoo. Sisi tukirudi skuli, tukishakula muhogo wa nazi na kipande cha papa mkavu, tulihamisha vigingi ili wasile pale walipokunya jana. Kisha tuliwakagua. Tulifunua kope, zikiwa nyekundu kwa ndani, kondoo mzima, zikiwa nyeupe, ana minyoo. Tulipekua masikio na makwapa tukatoa kupe, tukawatia kwenye kifuu chenye mafuta ya taa, na aliyepata kupe mnene kuliko wote ndiye aliyeanza kujificha tukicheza kibe. Wajukuu zangu leo wakiona sisimizi mezani wanapanda juu ya kiti.

Mwaka mmoja, msimu wa karafuu, baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Alivunjika nyonga, akalala kitandani miezi, na wapo waliokuja kumwangalia wakatoka wakitikisa kichwa. Bibi Rahma akaweka nadhiri mbele yetu sote: mwanawe akitembea tena, dume lake la kondoo atalichinja Idi Kubwa. Baba akatembea. Alichechemea, lakini alitembea, na tangu siku ile yule dume hakuwa wetu tena.

Sharti la mnyama wa Idi kila mtu Pemba analijua: asiwe kiguru, asiwe chongo, asiwe mgonjwa wala aliyekonda. Bibi hakuwa na dume jingine. Huyu akiharibika, nadhiri ingebaki shingoni mwake, na alikuwa mtu mzima asiyejua kama ataifikia Idi ya mwaka unaofuata.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, ndio mwezi wa Idi Kubwa, ulipoandama, Bibi aliacha kukata kucha na nywele, kama wafanyavyo wenye kuchinja. Safari hii akaongeza la kwake. "Na kondoo wangu asiguswe hata unyoya," alituambia. "Akafike kwa Mola wake kama alivyo." Tukaacha kumpekua. Masika ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, matope yangalipo, na nzi walikuwa wengi ajabu.

Mgeni ndiye aliyeona mwanzo. Dume lilipiga chini mguu wa nyuma, likageuka kujiuma mkiani, likajitenga na wenzake na kuacha kula. Tukasogea, harufu ikatupokea. Nilinyanyua ule mkia mnene, na chini yake, ndani ya manyoya yaliyolowa, funza walikuwa wanachemka.

Baba akamwita daktari wa wanyama kutoka Chake. Alikuja kwa baiskeli, suruali kaifunga kamba miguuni isiingie mnyororoni. Alitazama mara moja tu, akatoa mkasi.

"Mkasi huo urejeshe mfukoni, mwanangu," Bibi alimwambia.

"Bibi, dawa haipiti juu ya manyoya. Lazima nikate kwanza."

"Mwezi umeshaandama."

"Mwezi umeandama, na funza nao wameandama! Ukimwacha hivi, Idi hafiki."

"Huyu wa nadhiri. Nipe dawa nimwagie mwenyewe."

"Nimekwambia haipiti, Bibi yangu."

Bibi akakaa kitako mlangoni mwa banda, kanga kajifunga kiunoni, na tulijua hapo hapiti mtu. Baba akachukua mkongojo wake, akaenda kumwita shehe wa msikiti wetu. Shehe alikuja na kanzu yake akiwa kaipandisha juu ya matope, akainama, akaangalia chini ya mkia, akaziba pua.

"Bi Rahma, nani kakwambia umwache mnyama aliwe angali hai?"

"Si unyoya wa nadhiri, Shehe? Hukatwa?"

"Hukatwa ukimdhuru. Uliyemwekea nadhiri ni mzima, utatoa mzoga?"

Bibi akainuka. Akaupisha mlango. "Basi kata," alisema, "lakini usizidishe hata kidole."

Daktari akakata. Mgeni alishika kichwa, mimi nilishika mkia. Tuliosha kidonda kwa maji ya chumvi, tukatoa funza kwa kijiti, ikapakwa dawa, na baba akawasha moshi wa makumbi ya nazi kufukuza nzi. Manyoya yaliyokatwa Bibi alitaka yatolewe sadaka, kwa kuwa nayo ni ya nadhiri. Shehe alimtazama, akatazama lile furushi linalonuka, akamwambia, "Hayo yazike tu, Bi Rahma. Maskini nao wana pua."

Siku zilizofuata tuliamkia bandani kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Tuliosha, tulipaka, tulimkatia majani ya mfenesi na kumlisha kwa mkono. Siku ya kwanza alitazama kando. Ya pili akatafuna kidogo. Baadaye akaanza kunifukuza mimi mwenye majani, na sijawahi kufurahia kupigwa pembe kama nilivyofurahi siku ile.

Siku ya Arafa shehe alirudi. Akataka dume litembezwe uani. Baba akashika kamba mwenyewe, wakaenda hadi kisimani na kurudi, shehe kakazia macho miguu.

"Anakwenda sawa," alisema. "Anayechechemea ni mshika kamba."

"Basi mimi sifai, Shehe?" baba akauliza.

Bibi akadakia, "Wewe huchinjwi, wewe ndiye uliyenunuliwa kwa huyu!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Siku ya Idi dume likachinjwa. Na kwa kuwa nyama ya nadhiri mwenyewe na watu wa nyumbani kwake hawaili, sisi tuliomlisha kwa mikono hatukuonja hata supu. Baba alibeba vikapu nyumba kwa nyumba, hakukubali mtu amsaidie. Sisi tulikula wali kwa mchuzi wa samaki huku pilau ya jirani ikinukia dirishani. Mgeni alinuna. Bibi alikula sahani mbili.

Leo wanangu mjini wanatuma pesa kwa simu na mnyama anachinjwa mahali wasipopajua. Si vibaya, ibada ni ibada, na madawa ya sasa ni bora kuliko yale. Ila huwauliza: mnyama wenu alikuwa wa rangi gani? Wanatazamana. Mimi wa kwetu namjua mpaka chini ya mkia, na mchana ule wa Idi nilimwona baba akitokomea kwenye njia ya Tibirinzi, kikapu begani, akichechemea haraka kuliko watu wenye miguu mizima.