Namba za Kabura

Kabura alilelewa na namba. Miaka tisa alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa karibu na Gatitu, na kule mkulima ni namba yake. Ukishaitwa 412, utabaki 412 mpaka uzikwe, na hapo mwanao atairithi. Alipoajiriwa mjini Nyeri na Bhavin, kijana anayetengeneza programu za kompyuta za mashamba ya maua, alikuja na imani ileile. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo. Kila kisanduku kwenye skrini kina alama ya kuuliza pembeni. Ukiibonyeza, unapata maelezo ya kisanduku hicho tu. Bhavin alimshauri aunganishe maelezo na visanduku kwa majina, si kwa namba. Kabura akakataa katakata. Kisanduku cha kumi na nne, maelezo ya kumi na nne. Nani atapotea hapo?

Aliyemchosha ni Theuri, msimamizi wa shamba moja huko Timau. Kila siku simu za kuuliza, mara tatu, mara nne. Jumatatu uvumilivu ukamwishia.

"Theuri, wacha kunipigia. Bonyeza alama ya kuuliza, kila kitu iko hapo."

Alhamisi asubuhi alikuwa akipitia toleo jipya la programu ambalo Bhavin alilituma mashambani jana yake. Akabonyeza alama iliyo kando ya "Saa za kusubiri baada ya kupiga dawa". Yakaja maelezo ya kumwagilia maji: kusubiri saa mbili kunatosha.

Akatazama juu ya skrini. Bhavin alikuwa ameongeza kisanduku kimoja juu, na namba zote za chini zikasogea. Maelezo yake hayakusogea. Dawa ya Timau hutaka siku nzima kabla mtu hajaingia kwenye banda la maua, na ratiba ya shamba ilikuwa mbele yake: banda la sita limepigwa dawa asubuhi hiyohiyo, wachumaji wanaingia saa nne. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

Alimpigia Theuri simu. Ikalia mpaka ikakatika. Bhavin, aliyeketi kando yake, alipoiona skrini akaanza kurudisha toleo la zamani. Kabura akapiga tena, na tena, akiwawazia wanawake ambao hajawahi kuwaona wakiivuta ile hewa kwa sababu ya sentensi aliyoiandika yeye. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mara ya tano Theuri akashika.

"Wamama wako wapi?"

"Wako kwa mlango, wanavaa gloves. Kuna nini, Kabura?"

"Wasiingie. Funga hiyo mlango. Ni mpaka kesho."

"Lakini computer imesema masaa mawili."

"Ni mimi nimekosea. Funga nikisikia."

Alisikia sauti ya Theuri ikiwarudisha watu nyuma, kisha chuma kikigonga chuma. Theuri akarudi kwenye simu akihema.

"Nimefunga. Hata mimi nilishangaa, ati masaa mawili tu. Nilitaka kukuuliza."

"Na mbona hukupiga?"

"Si ulisema niwache."

Siku nzima Kabura aliunganisha maelezo upya, jina kwa jina, na chini ya kila moja akaandika namba yake ya simu.

Saa kumi jioni simu ikalia. Alikuwa Theuri, anauliza abonyeze wapi ili kazi yake isipotee. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa mbele ya macho ya Theuri. Kabura akavuta kiti, akamweleza polepole.